Pikapu Amesimama

Mwalimu wa hesabu alikutwa amelala chali kando ya kigari chake, koti lake limekunjwa vizuri na kuwekwa chini ya kichwa. Kwa mbali ungedhani amechoka kubadilisha tairi, akajinyoosha kidogo. Ukisogea ndipo unaona damu iliyoganda nyuma ya sikio, na nzi.

Tairi ya nyuma ilikuwa imelala. Jeki ilikuwa mahali pake. Nati mbili zilikuwa zimefunguliwa, mbili bado. Spana haikuwepo.

"Nani amemwona wa kwanza?" aliuliza Inspekta.

"Mfagiaji wa barabara, Afande. Saa moja kasoro robo. Maelezo yake nimeshayachukua."

Aliyejibu alikuwa koplo mmoja mnene, mwenye miaka ishirini kazini, ambaye kituo kizima kilimwita Sanifu. Jina hilo alilipata kwa jasho lake. Aliwahi kumrudishia mkuu wa kituo barua ya likizo ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, na mpaka leo hakuona kosa lake lilikuwa nini.

Inspekta alipokea karatasi, akasoma: *Niliona pikapu ikiwa imesimama kando ya gari la marehemu. Baadaye iliondoka kwa haraka ikielekea kiwanda cha mbao.*

"Pikapu," alisema Inspekta.

"Pikapu, Afande," alisema Sanifu, na wote wawili wakaelewana bila kuongeza neno.

Hapo lazima nikueleze, maana ukipita mji ule leo hutaamini. Zilikuwa zimebaki wiki tatu uchaguzi ufanyike. Vyama viwili vilikuwa vinakabana koo: Ufunguo na Mwamvuli. Mgombea wa Ufunguo alikuwa ametembeza msururu wa pikapu mjini. Yule wa Mwamvuli, kwa kujionyesha kwamba yeye ni mtu wa kubana matumizi, akaja na vigari vidogo vya duara, vile ambavyo watu waliviita kobe. Basi, ikawa nongwa. Mwezi haukuisha, gari lako likawa ndiyo kadi yako ya chama, utake usitake. Mwenye pikapu alionekana mbabe, hajasoma, anapiga mkewe. Mwenye kobe alionekana mwoga, mwenye maringo, msomi wa maneno matupu anayetaka kuuza nchi. Kwenye kituo cha mafuta foleni zilikuwa mbili bila mtu kuzipanga. Mkunga mmoja aliyefika kuzalisha akiwa na pikapu ya mumewe aliambiwa na mama mjamzito, tena katikati ya uchungu, arudi alikotoka.

Inspekta mwenyewe aliendesha kobe. Alilinunua kwa sababu halinywi mafuta sana, lakini nenda kamweleze nani.

Marehemu alikuwa wakala wa Mwamvuli. Alikuwa na kobe jeupe. Ukimweka hapo, na pikapu pembeni, hesabu inajifanya yenyewe.

Kabla ya adhuhuri Inspekta alikuwa ameshampata mtu wake. Alikuwa msafirishaji wa mbao, mwanaume mwenye kifua kama kabati, aliyejulikana kwa jina la Magogo. Alikuwa na pikapu yenye picha ya ufunguo mlangoni. Siku mbili kabla ya mauaji alikuwa amemfokea Mwalimu mbele ya kinyozi, watu wakisikia: "Hicho kikopo chako nitakikanyaga!" Tena kwenye kiti cha abiria cha marehemu kulikutwa maranda ya mbao. Magogo alikuwa na maranda mpaka kwenye nyusi.

"Ulikuwa wapi saa kumi na mbili na nusu asubuhi?"

"Nyumbani."

"Nani alikuona?"

"Majirani. Betri ilikuwa imekufa, wakanisukuma."

"Majirani gani?"

Magogo akawataja. Inspekta aliwajua. Wote walikuwa na bendera ya Ufunguo juu ya paa. Hakumtuma mtu kwenda kuwauliza. Pingu zikalia.

Kufikia Jumatano mji ulikuwa unachemka. Pikapu ya Magogo, iliyoegeshwa nje ya uzio wa kituo, ilikuwa imevunjwa vioo vyote kwa mawe. Mkuu wa kituo alimwita Inspekta ofisini, akamwambia bila kumkaribisha kiti: "Ijumaa afike mahakamani. Mauaji ya kukusudia. Sitaki kusikia mtu akiniambia polisi wanambeba."

Mauaji ya kukusudia maana yake kitanzi. Inspekta alitoka na faili kwapani. Koti lilikuwa linamsumbua. Daktari wa maiti alikuwa amemwambia kwa simu: "Pigo moja tu, chuma kizito. Halafu aliyempiga akamlaza, akamtengenezea mto. Mimi nimepasua maiti miaka kumi na minane, hiyo sijaiona." Inspekta alikuwa amemjibu kwamba wauaji nao wana vituko vyao. Lilikuwa jibu la kipuuzi, na alilijua hilo wakati bado analisema.

Kwenye benchi la mapokezi alikuwa ameketi mke wa Magogo. Ilikuwa siku ya tatu anakuja na nguo safi za mumewe, na siku ya tatu anarudishwa.

"Afande, nakuomba dakika moja."

"Sema, mama."

"Mume wangu alisukumwa na watu wanne asubuhi ile. Wanne! Hakuna hata mmoja aliyeulizwa na polisi. Kwa nini?"

Inspekta alikuwa amechoka. Lile neno likamtoka kabla hajalitafuna.

"Mama, majirani zako wote ni pikapu. Watasema lolote."

Yule mwanamke alimtazama. Hakupandisha sauti. Machozi yalikuwa karibu, lakini alijikaza.

"Sisi si magari, Afande," alisema. "Mimi ni mtu. Na hao ni watu."

Akaweka furushi la nguo kwenye kaunta, akatoka.

Inspekta alibaki amesimama pale pale, uso umemwiva kwa aibu. *Majirani zako wote ni pikapu.* Alilirudia neno lake mwenyewe moyoni mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu machale yakamcheza. Alifungua faili palepale kwenye kaunta, akatafuta maelezo ya mfagiaji. *Niliona pikapu ikiwa imesimama.*

"Sanifu!"

Koplo alikuja anafuta mdomo.

"Huyu mama mfagiaji, alisema hivi? 'Ikiwa imesimama'? Kwa maneno haya haya?"

"Maana ni ile ile, Afande."

"Sijakuuliza maana. Alisemaje?"

Sanifu alijikuna shingo. "Yule mama lugha inampiga chenga kidogo. Alisema, 'Nimemwona pikapu, amesimama.' Nikamsahihishia. Pikapu si kiumbe hai, Afande. Huwezi kusema *amesimama*. Ngeli yake hairuhusu."

"Na 'iliondoka ikielekea kiwandani'?"

"Alisema *akaondoka*. Yaani kosa lile lile."

Inspekta alifumba macho. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na zaidi ya yote alitaka kumtwanga Sanifu na lile faili.

"Ewe mtu! Hakukosea! Alimwona *mtu*! Mtu wa Ufunguo! Sisi wenyewe humu tunawaitaje?"

Rangi ilimtoka Sanifu taratibu kuanzia paji la uso.

"Lo," alisema. "Lo, Afande."

"Chukua kofia yako. Twende."

Walimkuta mfagiaji kwenye kona ya soko, ameegemea fagio lake refu, anapumzika. Alikuwa mama wa makamo, mkavu, mwenye macho makali kupita ya polisi wengi.

"Mama, shikamoo. Ile asubuhi ya Jumatatu. Yule pikapu uliyemwona, alikuwa kwenye gari?"

"Marahaba. Gari gani tena, mwanangu? Alikuwa kwa miguu. Mbona nilimwambia huyu bwana?" Alimwonyesha Sanifu kwa kidevu. Sanifu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ulijuaje ni pikapu?"

"Kofia. Ya njano, yenye ufunguo. Wa kiwandani wote wanazo. Mrefu, amekunja mgongo. Kwanza nilimwona amesimama pale na Mwalimu, mkononi ana kitu, nikajua wanafungua tairi. Moyo ukanifurahi, nikasema, leo pikapu anamsaidia kobe, dunia inarudi. Nikaendelea kufagia, maana lori la taka lilikuwa linapanda, na bosi wetu humo ndani ana mdomo mchafu. Nilipotazama tena ameinama. Halafu akaondoka kwa haraka kuelekea kiwandani. Nikamwacha Mwalimu apumzike. Nilikuja kumkaribia baadaye. Ningekwenda mapema, labda."

"Usijilaumu, mama. Mbona hukuja kituoni tulipomkamata Magogo? Si unamjua Magogo?"

"Magogo ni mfupi, mwanangu! Lakini nilisema, polisi wana mambo yao. Mmeandika, mimi nani wa kubishana na maandishi?"

Ndani ya kobe, Inspekta alikaa kidogo kabla ya kuwasha gari. Alinyoosha mkono akagusa kiti cha abiria, alichokalia Sanifu.

"Maranda, Sanifu. Kwenye kiti cha abiria. Magogo ana pikapu yake. Atapandaje kobe la mtu anayemchukia?"

"Kwa hiyo aliyepanda..."

"Alikuwa anapewa lifti. Na alimkunjia koti."

Mlinzi wa kiwanda cha mbao alikuwa mtu wa kupenda gumzo, na siku ile hakuwa na wa kupiga naye. Alitoa daftari la mahudhurio bila kuombwa mara mbili.

"Jumatatu aliyechelewa ni mmoja tu, Afande. Mwendesha msumeno mkubwa. Saa moja na nusu. Tena hajawahi kuchelewa maisha yake. Alinipita bila salamu, akazunguka kule nyuma kwenye lundo la maranda. Nikajua tumbo."

"Huwa anakuja na nini?"

Mlinzi alicheka. "Si na kobe la kaka yake! Anashukia kule kwenye kona, halafu anakuja kwa miguu kama aliyetoka mbali, kofia ya Ufunguo imenyooka kichwani. Anadhani hatumwoni. Humu ndani tunamwita Nusu Kobe." Kicheko kilimkauka. "Ilimkera sana, masikini. Wiki hii walikuwa wanachagua msimamizi wa zamu. Kwa kazi hakuna anayemfikia. Lakini watu wakasema, huyu jioni anapeleka habari zetu kwa Mwamvuli. Na sasa amefiwa, kaka mwenyewe ndiyo huyo Mwalimu. Sijui namna ya kumpa pole."

Sanifu na askari mwingine walichimba lile lundo kwa koleo karibu saa nzima. Spana ilitoka ikiwa na maranda yaliyogandia damu upande mmoja. Mpini wake ulikuwa umepakwa rangi nyekundu, na mafundi wote wa mji ule walijua kwamba Mwalimu alipaka rangi nyekundu vifaa vyake vyote ili visichanganyike na vya watu.

Msibani watu walikuwa wamejaa mpaka uani. Hata huko walikaa makundi mawili. Mdogo wa marehemu alikuwa ameketi chini kando ya mama yake, miguu mirefu imekunjwa, macho mekundu. Mama alikuwa amemshika kiganja, anakipapasa bila kujua.

"Mama, pole sana."

"Tumeshapoa, mwanangu. Yule pikapu si mmemkamata? Kimekuleta nini tena?"

"Namwomba huyu kidogo. Nina maswali."

Yule kijana alikwisha kuelewa. Inspekta aliona mabega yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Aliinuka mwenyewe. Mama hakumwachia mkono.

"Huyu ndiye niliyebakiwa naye," alisema. "Utamrudisha?"

Inspekta alikuwa ameshadanganya watu wengi katika kazi ile, wengine kwa sababu nzuri. Huyu alishindwa kumdanganya. Aliinama, akamtoa vidole polepole kwenye mkono wa mwanawe, kimoja kimoja.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na dirisha dogo la juu. Inspekta aliweka spana mezani, ndani ya mfuko wa vielelezo. Pembeni yake akaweka koti.

"Jumatatu ulikwenda kazini na nini?"

"Kwa miguu."

"Ulivaa kofia?"

"Ndiyo."

"Tulieni kidogo," alisema Inspekta, ingawa aliyekuwa mbele yake alikuwa mmoja. Alikuwa anajituliza mwenyewe. "Spana tumeitoa kwenye maranda. Wataalamu wataichukua alama za vidole kesho. Mimi sitaki kusubiri kesho, maana kesho kutwa kuna mtu anapelekwa mahakamani. Koti nani alilikunja?"

Kijana alilitazama koti.

"Mimi," alisema. "Kichwa chake kilikuwa kwenye kokoto."

Sanifu, aliyekuwa anaandika, alisimamisha kalamu.

"Endelea kuandika," Inspekta alimwambia. "Kama anavyosema. Usiguse hata herufi."

Maneno yalianza kumtoka kijana, mwanzoni kwa kukatika katika, kisha kwa mfululizo.

"Kila siku ananishusha kwenye kona. Tulielewana hivyo. Jumatatu akasema, leo nakufikisha getini, mdogo wangu, waone kwamba mtu anaweza kuwa na ndugu. Nikamwambia, kaka, wiki hii wanachagua msimamizi, usiniharibie. Akacheka. Kaka alikuwa mtu wa kucheka. Halafu tairi ikaisha upepo, nikashukuru Mungu. Nikashuka kumsaidia. Mimi ndiye nilikuwa nafungua nati."

"Kisha?"

"Nikasikia lori linapanda kilima. Nikajua ni la wenzangu wa zamu. Nikamwambia, kaka, naingia mtaroni, wakipita nitatoka. Akanishika mkono. Hakunishika kwa ubaya, Afande! Alikuwa anacheka. Akasema, 'Leo hujifichi. Gari hili lilimpeleka mama hospitali na wewe ukiwa umempakata. Leo unasimama na mimi hapa.' Nikavuta mkono. Hakuachia. Lori linakaribia. Nikavuta tena. Nilikuwa nawasikia masikioni wanavyoimba, Nusu Kobe, Nusu Kobe. Na spana ilikuwa kwenye mkono wa pili."

Nje kuna mtu alipita anapiga mluzi.

"Na lori?" aliuliza Inspekta.

"Lilikata kushoto kule chini. Halikuwa la kwetu." Alifunika uso kwa viganja vyake vikubwa. "Lilikuwa la taka."

Inspekta alisogeza koti pembeni. Naye alikuwa na kaka yake mwenyewe, ambaye walikuwa hawajasemeshana tangu kampeni zianze.

"Siku tatu umekaa kimya. Magogo yuko ndani, anasubiri kitanzi. Hukuona uchungu?"

"Nilikuwa nimeamua kuja kusema jioni ile ile. Nikafika nyumbani, watu wamejaa, kila mtu anasema ni pikapu, ni Magogo. Mama naye anasema. Redio ikasema. Na mmeshamkamata, na mna ushahidi." Aliondoa mikono usoni, na kilichokuwa machoni mwake kilimtisha Inspekta kuliko ile damu ya barabarani. "Afande, ilifika mahali na mimi nikaanza kumchukia Magogo kwa kumuua kaka yangu."

Alitia saini kila ukurasa.

Inspekta alikwenda mahabusu mwenyewe, funguo mkononi. Magogo alikuwa ameketi kwenye kona, ndevu zimemwota. Alipoambiwa toka, hakutoka.

"Nani aliyemuua?"

"Mdogo wake."

Magogo alitikisa kichwa muda mrefu. "Masikini mama yao," alisema. Kisha akainuka, akaja mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, lakini alisimama ndani yake, hakuvuka.

"Mimi nilimtukana Mwalimu, kweli. Nilikitukana kigari chake. Lakini nakuuliza, Afande, na nataka unijibu kama mtu mzima. Nilikutajia watu wanne. Hukwenda kuwauliza. Tairi za pikapu yangu ni pana hivi, na usiku wa kuamkia Jumatatu mvua ilinyesha. Ulitafuta alama zake?"

"Hapana."

"Basi ulinikamata kwa nini?"

Sanifu alikuwa amesimama nyuma yao na kitabu cha mahabusu, tayari kujaza mstari wa kuachiwa huru. Askari wawili wa zamu walikuwa wanasikiliza. Inspekta angeweza kusema ushahidi wa awali. Angeweza kusema taratibu za upelelezi. Maneno hayo yapo mengi, na yote ni sanifu.

"Kwa sababu ya gari lako," alisema.

"Liandike."

"Nini?"

"Hilo ulilosema. Kwenye hicho kitabu, mahali pa sababu ya kukamatwa. Mke wangu anajua kusoma."

Inspekta alichukua kitabu kutoka kwa Sanifu, akakiegemeza ukutani, akaandika kwa mkono wake. Kisha akatia saini chini yake na kumsogezea Magogo asome.